Muulize Sista: Je, Nikubali Kukatwa Mfuko wa Chakula Ili Nipungue?

SWALI

Sista, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka 41, nauza vitenge sokoni hapa Arua. Nina kilo 118 na urefu wa sentimita 162, nilipimwa mwezi uliopita kwenye kliniki ya sukari. Kisukari nimeishi nacho mwaka wa sita sasa. Nameza metformini na glibenklamaidi, na kidonge kimoja cha presha asubuhi. Magoti yamekataa ngazi. Usiku nakoroma mpaka baba watoto amehamia chumba cha wavulana, na mchana nasinzia kwenye kigoda mbele ya wateja.

Kupunguza kula nimejaribu. Niliacha soda, nikaacha chapati, nikala kabichi mpaka watoto wakanionea huruma. Nilitoka kilo 121 nikafika 109, halafu zikaanza kurudi moja moja huku najiona. Sasa kaka yangu aliye Kampala anasema atalipa nifanyiwe upasuaji wa kukatwa tumbo, ama hapo Kampala ama India, ambako mke wa rafiki yake alikwenda na kurudi mwembamba.

Baba watoto hataki kusikia. Anasema mtu hapasuliwi kwa sababu ya kula. Mama mkwe anasema mwili ni heshima, na nikikonda ghafla watu watasema nina ugonjwa. Mimi mwenyewe naogopa kufa mezani, na naogopa kuendelea hivi. Je, upasuaji huu unanifaa? Niende wapi? Na nitaweza tena kula chakula cha nyumbani na kufunga Ramadhani?

Mama wa vitenge, Arua

JIBU

Wa aleikum salaam, mdogo wangu. Kwa vipimo ulivyoniandikia, ndiyo, wewe ni mtu ambaye daktari wa upasuaji anapaswa kukaa naye na kulizungumza jambo hili kwa makini. Lakini hiyo ni nusu tu ya swali lako. Nusu iliyobaki ni nani atakuangalia mwaka wa pili, wa tano na wa kumi baada ya kushonwa. Nilifanya kazi wodi ya upasuaji Kampala mpaka nikastaafu, na wengi niliowaona wakiumia kwa upasuaji huu hawakuumia mezani. Waliumia baadaye, nyumbani, bila mtu wa kumuuliza.

Hesabu kwanza. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu uleule. Kilo 118 kwa 1.62, tena kwa 1.62, unapata karibu 45. Mwaka 1991 wataalamu huko Marekani walikubaliana kwamba upasuaji ufikiriwe kwa mwenye 40 na kuendelea, au 35 kama ana ugonjwa unaoletwa na uzito. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa upasuaji huu vilishusha kiwango: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 kwa mwenye kisukari. Wewe umepita viwango vyote hivyo, tena una sukari, presha, magoti, na huko kukoroma ambako nitakurudia.

Baba watoto nitamjibu kwa heshima. Shemeji, mke wako si mlafi. Mtu mnene akipungua, mwili wake huchukulia kwamba kuna njaa nchini. Homoni za njaa hupanda, na mwili huanza kutumia nguvu kidogo kuliko zamani kwa kazi ileile. Ndiyo maana alishuka hadi 109 kisha kilo zikarudi, wakati bado anakula kabichi. Upasuaji haufanyi kazi kwa kuziba mdomo tu. Hubadilisha pia homoni hizo, na kwa wengi sukari huanza kushuka siku chache baada ya upasuaji, kabla hata uzito haujapungua vya kutosha kuonekana. Mtu anayeuita upasuaji huu adhabu ya kula hajaelezwa.

Kabla ya kisu, mdogo wangu, hakikisha hakuna kinachokunenepesha ambacho hakijaangaliwa. Umepimwa tezi ya shingo? Unatumia sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu? Kwa baadhi ya wanawake huongeza uzito. Kuna dawa ya magoti au ya pumu unayonunua dukani bila kujua jina lake? Nyingine zina steroidi ndani, na hizo hunenepesha na kupandisha sukari kwa pamoja. Peleka pakiti zote kliniki, hata zile tupu, uziweke mezani mbele ya daktari.

Madaktari watakutajia upasuaji wa aina mbili, na zote siku hizi hufanywa kwa matundu madogo na kamera. Kuna sliivu, ambapo karibu robo tatu ya mfuko wa chakula, wakati mwingine hadi asilimia 80, hukatwa na kutolewa kabisa, ukabaki mfereji mwembamba. Kilichotolewa hakirudishwi. Na kuna baipasi, ambapo hutengenezwa kifuko kidogo cha kama mililita 30 juu ya mfuko wa chakula, kisha kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, chakula kikaruka sehemu ya njia. Sliivu ni fupi na rahisi zaidi kwa daktari. Baipasi kwa kawaida hupunguza uzito zaidi kidogo na huisaidia sukari vizuri zaidi, lakini hudai vitamini kwa ukali zaidi. Kama una kiungulia kinachokuamsha usiku, mwambie daktari mapema, kwa sababu sliivu inaweza kukizidisha na baipasi mara nyingi hukituliza. Kwa sukari ya miaka sita ambayo haijafika kwenye insulini, nafasi yako ya kupunguziwa dawa, hata kuziacha kwa muda, ni nzuri. Wanaochelewa mpaka miaka 15 na insulini juu hawana bahati hiyo kwa kiasi kilekile.

Utafika kilo ngapi? Watu wengi hupoteza karibu robo ya uzito wao kwa sliivu na karibu asilimia 30 kwa baipasi, kufikia mwaka wa kwanza au wa pili. Kwako hiyo ni kushukia kilo 83 hadi 89 hivi, na baadaye kilo kadhaa hurudi kwa wengi. Haitakuwa kilo 60 ya siku ya nikaha yako. Kama ndani ya moyo unataka 60, niambie leo, maana utakuja kujiona umeshindwa wakati umepona. Lakini kwenye kilo 85 magoti hupanda ngazi, presha hushuka, na baba watoto anaweza kurudi chumbani.

Hofu ya kufa mezani naiheshimu. Mahali penye timu yenye uzoefu, anayefariki ndani ya mwezi mmoja ni takriban mtu 1 katika 1,000. Hatari kubwa za mwanzo ni mshono kuvuja, kutokwa damu, na damu kuganda miguuni kisha kukimbilia mapafuni. Hapo ndipo kukoroma kwako kunakuwa na uzito. Mtu anayekoroma hivyo na kusinzia mchana mara nyingi pumzi yake hukatika usingizini bila yeye kujua, na daktari wa nusukaputi lazima ajue kabla, ajiandae. Ukifika mahali wakakupa tarehe ya upasuaji bila kukuuliza unalalaje, bila kukuingiza kamera kuangalia mfuko wa chakula, bila kukupima wale bakteria wa vidonda vya tumbo ambao hapa kwetu wako kwa watu wengi, ondoka.

Sasa hiyo nusu ya pili. Namkumbuka mama mmoja mfanyabiashara aliyekuja wodini kwetu miaka kadhaa baada ya kufanyiwa baipasi nje ya nchi. Alikuwa amepanda ngazi za ghorofa moja tu na alikuwa akihema, ameshika ukuta. Gauni zuri, mwili mwembamba aliokuwa akiutamani, na sokoni kila mtu akimsifu. Nilimvuta ukope wa chini: ndani peupe kabisa. Kucha zilikuwa zimebonyea katikati. Alipofungua mkoba kutafuta kadi yake, nikaona kipande cha udongo, ule wa kula unaouzwa kwa wajawazito, kimeng'atwa pembeni. Himoglobini, kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa 5.8 tu. Nilimuuliza kuhusu vidonge. Akasema vile alivyopewa alipotoka hospitali viliisha, na kwa kuwa alijisikia vizuri hakuona haja ya vingine. Tangu apande ndege kurudi, hakuna aliyempigia simu. Tulimwekea damu chupa kwa chupa, na nilipokuwa nikibadilisha ya pili aliniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia kwamba vidonge vile ni vya maisha.

Kwa hiyo mimi nakuambia. Baada ya upasuaji huu utameza vitamini na madini mpaka siku ya mwisho: madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D, vitamini B12 na mchanganyiko wa zile nyingine. Zile tembe nyekundu za bure za kliniki ya wajawazito hazitoshi peke yake. B12 mara nyingi itahitaji sindano. Chuma na kalsiamu havimezwi kwa wakati mmoja, kwani kimoja humzuia mwenzake. Damu itapimwa mwezi wa tatu, wa sita, mwaka ukitimia, kisha kila mwaka. Kaa na kaka yako mpige hesabu ya vidonge na vipimo hivyo kwa miaka kumi, si ya upasuaji peke yake, maana bima ya afya ya taifa hatuna na fedha hiyo itatoka mfukoni kwenu. Kama anaweza kulipa mamilioni mara moja lakini hakuna atakayelipa vidonge mwezi hadi mwezi, basi ngoja kwanza.

Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo kwa magoti hayo bila shaka unazijua vizuri, utaagana nazo, hasa ukifanyiwa baipasi. Huchimba vidonda palipounganishwa. Waambie hivyo kila kliniki utakayoingia, kwa sababu hapa kwetu mgonjwa anaweza kuchomwa sindano ya diklofenaki kabla hata hajamaliza kueleza anaumwa wapi. Panadol unaruhusiwa. Glibenklamaidi nayo daktari ataisimamisha au kuipunguza mara tu baada ya upasuaji, kwani mtu anayekula vijiko vitatu huku akimeza dawa hiyo sukari yake inaweza kuanguka hadi azirai. Na jingine ambalo wanawake wa umri wako hawaambiwi: uzito ukishuka, uzazi huamka. Mimba haitakiwi kwa mwaka mmoja na nusu wa mwanzo, na vidonge vya uzazi wa mpango haviaminiki baada ya baipasi. Kijiti au kitanzi ni salama zaidi kwako.

Wapo pia wasomaji wanaotumia ARV, na najua hawataandika. Upasuaji haujakatazwa kwenu, ila daktari lazima ajue dawa zenu. Dolutegraviri ikimezwa pamoja na chuma au kalsiamu tumboni mkiwa hamjala, hainyonywi vizuri. Iacheni itangulie kwa saa mbili, au ifuate baada ya saa sita.

Kampala au India? India wana madaktari hodari na wamefanya kazi hii kwa miaka mingi, hilo silikatai. Shida yangu ni siku ya kumi na mbili. Mshono unaweza kuvuja ukiwa umesharudi Arua: moyo unakimbia, homa, tumbo linauma, wakati mwingine bega la kushoto. Daktari aliyekukata yuko ng'ambo ya bahari, na wewe uko karibu kilomita 500 kutoka Kampala, kwa njia ya Pakwach na Karuma, usiku. Ningekuwa wewe ningefanyiwa Kampala, ama Nairobi, na daktari ambaye atanipokea tena nikirudi nimeinama kwa maumivu. Ningepanga nyumba karibu na hospitali, au nikae kwa kaka, kwa mwezi mzima kabla ya kupanda basi la kurudi. Na kabla ya yote ningeuliza kwenye Baraza la Madaktari la Uganda kama leseni yake iko hai. Muulize yeye mwenyewe, uso kwa uso: umefanya wangapi mwaka huu? Wangapi walirudishwa chumba cha upasuaji? Usiku nikizidiwa nampigia nani, na kuna chumba cha wagonjwa mahututi hapahapa? Daktari mzuri hujibu bila kukasirika.

Chakula cha nyumbani utakula, lakini si mara moja na si vilevile. Wiki mbili za kwanza ni vya maji, kisha vilivyopondwa, kisha laini, na mwezi wa pili unaanza kurudi kwenye vya kawaida. Samaki angara aliyechemshwa na kuchambuliwa miiba, mukene, yaani dagaa, wa kusaga ndani ya uji, yai, maharage yaliyopondwa, hivyo ndivyo vitangulie mdomoni, kwa sababu unahitaji kama gramu 60 za protini kwa siku ndani ya tumbo dogo. Posho na ugali wa muhogo huvimba na kukwama, na nyama ngumu ya kuchoma hukwama zaidi. Tonge moja ndogo, tafuna hadi liishe lenyewe, halafu subiri. Maji usinywe na chakula, acha nusu saa. Kitu kitamu sana baada ya baipasi kinaweza kukuletea jasho, moyo kwenda mbio na kuharisha pale pale. Harusini na msibani watakupakulia sahani iliyojaa na watakasirika usipomaliza. Tafuta mtu mmoja katika ukoo anayejua siri yako, akae karibu nawe, apokee sahani.

Ramadhani usiipangie mwaka wa kwanza. Mgonjwa ana ruhusa, na tumbo hilo haliwezi kunywa maji ya siku nzima kati ya magharibi na alfajiri. Baadaye zungumza na daktari na sheikh wako wote wawili. Na hata sasa, kabla ya upasuaji wowote, kufunga huku unameza glibenklamaidi bila kuwauliza kliniki ni hatari. Waulize mwezi huu.

Mama mkwe wako ana sababu yake. Watu wa umri wake na wangu tuliona miaka ya themanini Rakai na Masaka, ukimwi ulipoitwa slim na mtu akikonda tulihesabu siku. Macho hayo hayajasahau. Watasema, ni kweli. Mpeleke kliniki ya sukari siku moja akaone miguu iliyokatwa, halafu mweleze kwa nini wewe hutaki kufika huko. Na baba watoto aende nawe kumwona daktari, asikie kwa masikio yake. Uamuzi ni wako, lakini usiku wa tatu baada ya upasuaji utahitaji mtu wa kukushika mkono mpaka chooni, na ningependa awe yeye.

Kuna pia sindano za wiki, za jamii ya Ozempic. Kwa dozi ya uzito, semaglutaidi, ndiyo dawa iliyo ndani ya Ozempic, ilipunguza karibu asilimia 15 ya uzito kwenye majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021, kwa muda wa zaidi ya mwaka. Ni dawa halali na inasaidia sukari. Lakini ni ghali, ukiacha uzito mwingi hurudi, na kalamu ambazo hazijafunguliwa zinataka friji isiyozimika. Bandia pia zipo: mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu semaglutaidi za kughushi. Usinunue kwa mtu anayekuletea kwenye begi.

Kwa hiyo, mdogo wangu, panda basi uende ukachunguzwe. Usikubali tarehe ya upasuaji safari hiyo ya kwanza. Jipe miezi sita ya vipimo, usingizi ushughulikiwe, sukari ishuke, uanze kula taratibu kama mtu aliyekwisha kukatwa, na vidonge vya vitamini uvimeze kila siku kuanzia sasa. Ukiona miezi sita hiyo umeiweza na fedha ya vidonge ipo, mimi nasema kubali. Umri wako ni mzuri na sukari yako bado changa.

SWALI

Sista, nina miaka 24, naishi Ntinda. Kilo zangu ni 76, urefu sentimita 168. Kwanjula yetu, ile sherehe ya kutambulishana, ni Desemba na gomesi, gauni la siku hiyo, nimeona haitanipendeza na tumbo hili. Rafiki yangu anasema kuna sliivu na kuna puto linalowekwa tumboni. Lipi ni la haraka?

Bibi harusi mtarajiwa

JIBU

Mwanangu, hakuna hata moja. Hesabu yako ni 27, na kwa 27 bila ugonjwa hakuna daktari mwaminifu atakayekukata. Akikubali, ogopa. Puto huingizwa kwa mdomo, mengi hukaa kama miezi sita, kisha hutolewa, na wengi uzito huanza kurudi. Wiki za mwanzo ni kichefuchefu na kutapika, na hutaki kwenda kwenye kwanjula hivyo.

Ukitaka kupungua kidogo kwa afya yako, anza na soda, juisi za sukari na rolex, ile chapati ya mayai, ya saa nne usiku, na utembee. Lakini gomesi hushonwa kufuata mwili. Nenda kwa fundi mapema, akupime ulivyo. Na kama kuna mtu anayekuambia mwili huu haumfai kuoa, hilo ni la kuzungumza na shangazi yako kabla ya Desemba, si la daktari.

SWALI

Sista, dada yangu alifanyiwa sliivu nje ya nchi wiki tisa zilizopita. Wiki tatu sasa anatapika karibu kila anachomeza. Juzi miguu ilianza kufa ganzi, anayumba akitembea kama mlevi, na jana alisema anaona kila mtu wawili wawili. Hospitali iliyompasua haijibu ujumbe. Shangazi yetu anasema ni majini, tusomewe kwanza. Tufanye nini?

Kaka mtu, Jinja

JIBU

Huyu nilimpigia simu siku ileile barua yake ilipofika, na dada yake alikuwa hospitali kabla ya magharibi. Naichapa kwa sababu yupo mwingine mahali fulani anayetapika sasa hivi na nyumbani wanasubiri apone.

Kutapika kwa wiki baada ya upasuaji huu humaliza vitamini B1 mwilini, yaani thayamini, kwani akiba yake ni ya wiki chache tu. Ikiisha, mishipa ya miguu hufa ganzi, macho huona viwili, mtu huyumba, kisha huchanganyikiwa na kupoteza kumbukumbu. Ikichelewa, baadhi ya hayo hayarudi tena. Hii ni dharura ya saa.

Nendeni hospitali kubwa iliyo karibu, na mkifika msiseme anatapika tu. Semeni: alikatwa mfuko wa chakula, tunaogopa upungufu wa thayamini. Apewe kwa sindano kwenye mshipa, kwani vidonge atavitapika. Na apewe kabla ya dripu ya glukosi, maana sukari hiyo ikitangulia humaliza hata kidogo kilichobaki na kuufanya ubongo uwe na hali mbaya zaidi. Mwulizeni muuguzi kwa upole dripu anayoifunga ni ipi, ana haki na wajibu wa kuwaambia. Shangazi asome dua kando ya kitanda hukohuko hospitali, hakuna anayemzuia. Chukueni pia karatasi zote alizorudi nazo, hata zilizoandikwa kwa lugha msiyoijua. Akishatulia, wamwingize kamera waone kwa nini chakula hakishuki: mara nyingi mfuko umebana au umejikunja mahali, na daktari anaweza kupapanua.